Pembe ya Kushoto ya Kombo

Saa moja kasorobo asubuhi. Walburga Stockner anakokota marobota mawili ya majani makavu juu ya turubai, theluji ikimfika magotini. Ni Alhamisi ya mwisho ya Machi. Bondeni watu wameshaanza kupanda vitunguu, lakini huku juu Ranzenbach, kwenye milima ya Ulaya, theluji bado imekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Hasemi neno. Anakohoa mara mbili, kama afanyavyo kila siku, na kutoka kwenye misonobari ayala, paa wakubwa wa nchi za baridi, wanaanza kujitokeza, majike kwanza, madume baadaye. Wanamjua kwa kikohozi. Akija mtu mwingine na kikohozi chake, wanatimua mbio.

Anamwaga makapi ya tofaa kwenye hori, anatandaza majani, kisha anarudi nyuma ya kibanda cha mbao na kuinua darubini. Kundi lina ayala tisini, lakini leo anamtafuta mmoja tu.

"Yule pale," ananong'ona. "Bado anayo."

Anayemtazama ni dume wa miaka saba ambaye wenyeji wamempa jina ambalo kwetu tungesema Kombo. Pembe yake ya kulia ilidondoka siku nne zilizopita. Ya kushoto ingali kichwani na inamlemea, basi anatembea ameinamisha shingo upande kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Kwa ng'ombe na mbuzi pembe ni ya maisha. Ayala dume huziangusha zote mbili kila mwaka baridi inapokwisha, na kabla kiangazi hakijamalizika huwa ameshaota nyingine. Walburga, au Burgl kama wote wanavyomwita, ameishi na jambo hilo tangu utotoni na halijamchosha.

"Mwenzetu huyu kila mwaka anaanza upya," anasema. "Lakini pembe haifichi. Akiumia, akiugua, akilala njaa, utaiona habari yake yote kichwani."

Habari ya Kombo ilianza kiangazi cha miaka mitatu iliyopita, aliponasa mguu wa nyuma wa kulia kwenye waya wa ua wa ng'ombe. Alijinasua mwenyewe, lakini muundi ulikuwa umevunjika. Pembe alizokuwa akiziotesha wakati huo zilikuja hivi: ya kulia nzuri, ya kushoto imejikunja na kuning'inia sikioni kama kiwiko.

Mguu wa kulia, pembe ya kushoto. "Usiniulize kwa nini," Burgl anasema. "Wasomi wenyewe wanabishana. Mimi nakwambia nilichokiona."

Na hapo ndipo shida ilipo. Katika wilaya hii dume wa umri wa kati mwenye taji pande zote mbili, yaani matawi matatu juu ya kila pembe, haguswi mpaka atimize miaka kumi. Asiye na taji huhesabiwa dume mbovu na huandikwa kwenye orodha ya kupigwa risasi. Kombo ameandikwa. Msimu unafunguliwa Agosti.

Jumamosi kamati ya mawindo inakutana. Burgl anataka kuwawekea mezani pembe tatu za kushoto za Kombo, za mwaka baada ya mwaka, waone kwamba inanyooka. Mbili anazo. Ya tatu bado inatembea na mwenyewe.

Kazi yake kwenye karatasi ni mwindaji wa kuajiriwa. Baada ya kodi anabaki na euro elfu mbili na mia moja kwa mwezi, pamoja na nyumba na kuni. Watu wa mjini hudhani anashinda na bunduki. Ukweli ni kwamba kuanzia Novemba hadi Mei anashinda na uma wa majani, Krismasi ikiwamo. Mara ya mwisho kupata likizo wakati wa baridi alikuwa na miaka thelathini na minne. Sasa ana hamsini na mitatu.

Saa mbili na dakika chache, Kombo anashiba. Anashuka kuelekea kijito, anasita, anaruka. Anapotua ng'ambo, kichwa kinainuka ghafla, chepesi. Anajitikisa, anaangalia nyuma kana kwamba kuna aliyemwita, kisha anaingia msituni na kuacha pembe kwenye theluji.

Burgl hakimbii. Anangoja kundi lote liondoke, jambo linalochukua karibu saa nzima, ndipo avuke kijito. Anaiokota. Anaigeuza, anapitisha kidole gumba kwenye matawi ya juu. Moja. Mbili. La tatu ni kinundu kifupi chenye ncha.

Anatoa rula ndogo mfukoni na kupima, kisha anapima tena.

"Moja na nusu," anasema. Tawi halihesabiwi mpaka lifike sentimeta mbili. "Nusu sentimeta. Nusu tu, jamani."

Anakaa juu ya jiwe lenye theluji bila kujali nguo zake. Mtu mwenye hila angeweza kuisahau pembe hiyo hapo hapo kijitoni, akaenda kwa kamati na maneno matamu. Burgl anaifuta kwa kitambaa cha shingoni na kuitia begini.

Nyumbani, baba yake anamngoja jikoni. Mzee Rupert Stockner ana miaka themanini na mmoja, na kabla ya Burgl kazi hii ilikuwa yake kwa miaka arobaini. Anakata nyama ya nguruwe ya moshi vipande vyembamba kama karatasi na kuviweka juu ya mkate mweusi, kisha anasukuma sahani kwa binti yake bila kuuliza kama ana njaa.

Burgl anazipanga pembe tatu mezani, katikati ya vikombe vya kahawa. Ya kwanza ni ile ya kiwiko. Ya pili imeinuka, ina matawi mawili. Ya tatu imesimama karibu wima. Hata mtu asiyejua lolote anaona inakoelekea.

"Pembe mbovu, damu mbovu," mzee anasema akitafuna. "Nimeanza kuyasema hayo kabla hujazaliwa."

"Na umeyakosea tangu kabla sijazaliwa, Baba. Damu ingekuwa mbovu, hii ya tatu ingetoka wapi?"

"Kula."

"Nakula. Nijibu."

Mzee anaacha kutafuna. Anainyanyua ile ya tatu, anaipima uzito kiganjani, na hairudishi haraka.

Juu ya dari ya nyumba hiyo kuna chumba ambacho Burgl hakionyeshi kila mtu. Pembe zimepangwa ukutani kwa safu, kila safu dume mmoja, kila pembe na mwaka wake kwa wino. Kwa miaka kumi na sita amewafuatilia madume kumi na tisa wenye pembe zenye kasoro.

Kumi na mmoja waliumia pembe yenyewe ilipokuwa changa, bado imevaa ngozi yake laini na damu inapita ndani. Wote walinyooka, wengi wao mwaka uliofuata. Watatu walivunjika kishina cha mfupa kichwani, pale pembe inapoota. Hakupona hata mmoja. Kwao kila mwaka mpya ulileta kasoro ile ile. Watano waliumia miguu. Watatu kati yao walinyooka polepole. Wawili hawakunyooka kabisa.

Kuna pia fuvu moja pembeni, la dume aliyeumia korodani. Pembe zake ziliota kama uyoga juu ya gogo, hazikudondoka wala hazikukoma kukua. "Huyo nilimpiga mwenyewe, na nilifanya vizuri," Burgl anasema. "Sisemi wote waachwe. Nasema mtu ajue kwanza jeraha liko wapi."

Safu ya kwanza kabisa, karibu na mlango, ina pembe mbili tu na fuvu. Hapo sauti yake inashuka.

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo bondeni. Alimwona dume mwenye pembe ya kushoto iliyopinda, akamwandika kuwa mbovu, akamwongoza mgeni aliyelipia kuwinda mpaka mahali pa kupigia. Majira ya kuchipua, kama desturi ilivyo, mafuvu yote ya mwaka yalitundikwa ukumbini ili kamati iyahukumu. Aliyepigwa kwa haki hubandikwa stika ya kijani. Aliyepigwa kimakosa hubandikwa nyekundu, na aliyemwongoza mgeni hatausikia mwisho wa kejeli mpaka azikwe.

Burgl alipata ya kijani. Wanaume themanini walimpigia makofi. Baba yake aliwanunulia wote pombe ya peasi.

"Wakati wanapiga makofi mimi nilikuwa nimeshajua," anasema. "Nilipomchuna nilikuta mguu wa nyuma wa kulia una fundo kubwa kama ngumi. Mfupa ulivunjika ukaunga. Nikaja huku juu, nikazitafuta pembe zake za miaka ya nyuma kwenye rundo la zilizookotwa. Ya mwaka juzi yake mbaya sana, ya mwaka jana yake afadhali, na ile niliyompigia ni bora kuliko zote. Alikuwa anapona, unaelewa? Alikuwa njiani kupona, nami nikasifiwa kwa kumkatiza."

Hakumwambia mtu. Mwanamke wa kwanza, mwaka wa pili, stika ya kwanza. Alilimeza jambo hilo, na likamkaa rohoni.

Jumamosi saa nne, ukumbi wa baa ya kijiji umejaa kofia za kijani. Tarumbeta za kiwindaji zimepigwa, supu ya matonge ya ini imeshanywewa, na mafuvu ya mwaka yametundikwa kutoka mlangoni hadi jukwaani. Burgl anapoingia na gunia lake, mmoja anamtania: "Burgl, umefungua duka?"

"Nimefungua shule," anajibu. "Kaa mbele, wewe ndiye uliyefeli."

Mwenyekiti wa kamati ni Hannes Trinkl, fundi wa saa mstaafu, mtu wa sheria kutoka kofiani hadi kwenye kamba za viatu. Pembeni yake amekaa Erwin Lukesch, mwenye kiwanda cha mbao, ambaye ndiye aliyekodi haki ya mawindo ya Ranzenbach kama baba yake kabla yake. Lukesch si mtu mbaya. Majani ya ayala huyalipia kwa wakati na hamfokei mtu. Ila anamtaka Kombo, na hafichi.

"Pembe nzuri kila mtu anayo," anamwambia Burgl. "Mimi nataka ile ambayo mteja akiingia ofisini ataacha kuuliza bei ya mbao. Msumari wa kuitundika nimeshaupigilia."

"Ungengoja mwaka mmoja, Erwin."

"Nikingoja mwaka akinyooka, nimekosa vyote. Siruhusiwi kumpiga, na hata ningeruhusiwa, amekuwa kama wengine."

Angalau alisema ukweli, na Burgl anamheshimu kwa hilo.

Pembe tatu zikawekwa mezani. Trinkl akavaa miwani, akaipima ile ya tatu mara tatu kwa kipimo cha chuma. Kisha akaivua miwani.

"Moja na nusu. Pole, Burgl. Kitabu kinasema mbili."

"Angalia ilikotoka, Hannes. Mwaka juzi ilikuwa imelala sikioni. Ni jeraha la mguu, na wa namna hiyo nimewafuatilia watano."

"Naona. Na hawa wako walioumia miguu, wote walipona?"

Angeweza kusema ndiyo; hakuna ukumbini aliyewahi kukiona chumba cha darini. "Watatu walipona," alisema. "Wawili hapana."

"Kwa hiyo huyu hujui."

"Sijui. Ndiyo maana naomba mwaka. Ningekuwa najua nisingeomba, ningedai."

Wachache walicheka kwa upole. Trinkl alitazama kitabu chake kana kwamba angetamani ukurasa ubadilike, lakini haukubadilika. Akashika kalamu. Burgl akaanza kurudisha pembe guniani moja moja.

Hapo ndipo kiti kiliposikika kikisukumwa nyuma.

Mzee Rupert alichukua muda kusimama. Magoti yake yamekwisha. Hata ngazi tatu za baa alipandishwa na watu wawili. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Erwin," alisema. "Siku niliyostaafu, marehemu baba yako alisimama hapo ulipo, akaniahidi dume wa heshima."

Ahadi hiyo ni desturi ya bonde zima. Mwindaji wa kuajiriwa akistaafu, mwenye mawindo humzawadia dume mmoja amchague mwenyewe. Akishamtaja mbele ya watu, dume huyo ni wake, na hakuna mwingine wa kumwinulia bunduki mpaka mwenyewe apande mlimani kumpiga. Wengi huchagua wiki hiyo hiyo. Mzee Rupert alikuwa amekaa miaka kumi na minane bila kuchagua, na watu walishasahau.

"Ni kweli, mzee wangu," Lukesch alisema, uso ukimng'aa kwa furaha. "Chagua. Kuna yule mkubwa wa upande wa maporomoko, ana matawi kumi na sita. Nitakuletea gari mpaka juu."

"Namtaka Kombo."

Vichwa viligeuka. Kisha mtu wa nyuma akauliza, "Mzee Rupert, na utampandia vipi?"

"Kwa miguu. Mwindaji hapandi kwa gari."

"Miguu ipi?"

"Hii hii. Magoti yakipoa, napanda."

"Na yatapoa lini?"

"Kamuulize daktari. Mimi sina haraka."

Kicheko kilianzia meza za nyuma kikafika jukwaani, na hata Trinkl aliinamia kitabu chake mabega yakimtikisika. Lukesch masikio yalimgeuka mekundu. Alimtazama mzee, akamtazama Burgl aliyekuwa amesimama na pembe mkononi, mdomo wazi. Neno la marehemu baba yake lilikuwa limewekwa mezani mbele ya watu themanini, nao wote walikuwa wakimngoja yeye.

Akachomoa kitawi cha msonobari kwenye kofia yake, akatembea mpaka kwa mzee, akampa mkononi. Kwa wawindaji wa huko hilo ni kama kufunga ndoa mbele ya kadhi. Trinkl akafuta jina la Kombo kwenye orodha ya Agosti na kuandika kando yake: Rupert Stockner, tarehe haijapangwa.

Garini wakirudi, Burgl aliendesha kilomita nzima. Mwishowe akauliza, "Damu mbovu imekuwaje leo, Baba?"

Mzee alikuwa akizungusha kitawi vidoleni. "Ule mguu niliuona," alisema.

"Mguu upi?"

"Wa yule dume wako wa stika ya kijani. Ulikuwa umeutupa nyuma ya banda, ukadhani sipiti huko. Nililiona fundo."

Burgl alisimamisha gari kando ya barabara. Anasema hakuzima hata injini. "Miaka kumi na sita, Baba. Mbona hukusema?"

"Watu wazima themanini wanampigia mwanangu makofi, mimi nikaseme nini?" Alitazama dirishani. "Nilinunua pombe ili wasije wakakuuliza. Zamani niliiamini damu mbovu. Tangu siku hiyo naisema tu, ili wewe usijilaumu. Damu ikiwa mbovu, kosa si la mtu."

Akisimulia hayo jikoni, siku tatu baadaye, Burgl analia bila kujificha, kisha anacheka, kisha anafuta macho kwa mkono wa sweta.

Daktari wa bonde amekuja asubuhi hii na ameondoka anatikisa kichwa kwa mshangao. Kwa miaka miwili Mzee Rupert alikuwa akivizika vidonge vyake vya moyo kwenye chungu cha maua cha dirishani. Tangu Jumapili anavimeza vyote, kwa saa, na kudai glasi ya pili ya maji. Dume wa heshima hubaki wa mwenyewe maadamu mwenyewe yu hai. Akifa, dume humrudia mwenye mawindo.

"Nikifa kabla hajaota taji, Erwin msumari anao," mzee anasema kutoka kwenye kiti chake cha karibu na jiko. "Basi sifi. Nimeshamwambia daktari."

Burgl anavaa viatu. Ayala wanamngoja, na theluji haijaisha. Mpango wake ni mmoja: kuwalisha mpaka Mei, kumfuatilia Kombo kwa darubini pembe mpya itakapoanza kuvimba, na Machi ijayo kusimama tena kijitoni na rula mfukoni. Akiulizwa anatumaini nini, anageuka kwanza kuhakikisha mlango wa jikoni umefungwa.

"Namwomba Mungu pembe ya Kombo ipone," anasema kwa sauti ya chini. "Na magoti ya baba, Mungu anisamehe, yabaki hivyo hivyo."